Dracula ya Bram Stoker: inamtosha msomaji wa leo?

Msomaji wa riwaya za vampaya siku hizi anajua anachokitaka. Anataka mnyonya damu anayejieleza mwenyewe, jambo tulilozoeshwa tangu mwaka 1976, mwandishi Anne Rice alipomkalisha vampaya wa riwaya yake mbele ya kinasa sauti asimulie maisha yake. Anataka mapenzi yenye hatari ndani yake. Zaidi ya yote anataka masharti yasiyopindishwa: kiumbe huyu anaweza nini, hawezi nini. Kwa dai hilo la mwisho, Dracula, iliyotoka London mwaka 1897, ingali mwalimu wa wote. Kwa yale mawili ya mwanzo, usiitegemee sana.

Masharti ya Stoker yana mantiki ya kupendeza. Dracula haingii nyumba asiyokaribishwa, na lazima alale kwenye udongo wa kwao, ndiyo maana anasafirisha masanduku 50 ya udongo hadi Uingereza. Hapo kumwinda kote kunageuka hesabu: tafuta masanduku, yaharibu moja baada ya jingine, umkoseshe pa kulala. Jua halimuui, mchana hutembea mjini, ila nguvu zake hupungua. Wanaolalamika kwamba mwandishi kakosea wanasahau kuwa kifo cha jua kilienezwa na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922.

Sura 4 za kwanza, wakili kijana Jonathan Harker akisafiri hadi kasri la Dracula na kukaa humo, ndizo bora kuliko zote. Ananyoa ndevu, mkono unamgusa begani, naye kiooni haoni mtu. Anashtuka, wembe unamkata kidevuni. Dracula anaona damu, anamrukia kooni, mkono unagusa shanga za msalaba, hasira inazimika papo hapo. Kisha anakitupa kioo dirishani. Ukurasa mmoja tu, na masharti matatu umeshayajua bila kuhubiriwa!

Kisha kitabu kinabadilika. Chote ni shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, na karibu kila mtu anasimulia isipokuwa Dracula. Wengi huachia njiani kwenye sura ya 6, kwa sababu mzee Swales wa Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, anazungumza lahaja nzito kweli. Usikwame hapo, shika kwamba anazungumzia makaburi yasiyo na maiti, kisha songa mbele. Sura ya 7 ina kumbukumbu za nahodha ambaye mabaharia wake wanapotea mmoja mmoja, na hiyo peke yake inalipia uvumilivu wako. Soma pia tarehe juu ya kila maandishi, maana hadithi huruka kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine, na asiyezifuata hupotea.

Kinachochosha hasa ni ugonjwa wa Lucy, msichana anayenyonywa damu na Dracula. Anaongezewa damu mara 4, kutoka kwa wanaume 4 tofauti, bila kupimwa kundi lolote, kwa kuwa makundi ya damu yaligunduliwa mwaka 1901. Kila mara anapata nafuu, kila mara mlinzi anazembea. Mara mbili zingetosha.

Kabla hujachukua nakala, hesabu sura: lazima ziwe 27. Zikipungua, umeshika toleo lililofupishwa. Anayetaka vampaya wa kupendwa aanze na Rice. Anayetaka kuogopa dirisha lililoachwa wazi usiku aanze hapa.