Maturubai mawili na nyundo: tathmini ya kifurushi cha makazi cha Msalaba Mwekundu

Mto ukivunja kingo zake Tana River au Budalangi nchini Kenya, au Rufiji nchini Tanzania, miongoni mwa misaada inayofikia familia zilizopoteza nyumba ni gunia lenye vifaa vya ujenzi, linaloitwa kifurushi cha makazi. Kilibuniwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, na vyama vya kila nchi hukiweka ghalani kabla ya maafa. Ni kifurushi kizuri, pengine bora kuliko hema kwa mazingira yetu, ila kina sharti moja: kije na mtu anayejua kukitumia. Kikigawiwa kutoka nyuma ya lori bila mtu huyo, nusu ya thamani yake hupotea kabla ya mvua ya pili.

Ndani ya gunia mna maturubai mawili ya mita 4 kwa 6, kamba ya mita 30, msumeno wa mkono, sepetu, jembe, panga, mkasi wa kukatia bati, nyundo yenye ukucha wa kung'olea misumari, waya wa kufungia, nusu kilo ya misumari ya kawaida na nusu kilo ya misumari ya bati. Nguzo hamna, fito hamna, mlango hamna. Anayefungua akitarajia hema atavunjika moyo, kwa hiyo aambiwe mapema.

Hema la kawaida la familia lina mita za mraba 16 za kulala, na lina umbo moja tu. Kitambaa chake kikishaliwa na jua, hakuna kinachobaki cha kujengea. Kwenye kifurushi, turubai ndilo huchakaa, lakini nyundo, panga na msumeno hubaki mikononi mwa mwenye nyumba mpaka siku anapoezeka bati. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukipa alama za juu.

Turubai lenyewe si lile la dukani la kufunikia mahindi. Limefumwa kwa nyuzi nyeusi za plastiki ngumu, kisha likapakwa tabaka jeupe pande zote mbili. Weupe unarudisha jua, na weusi wa ndani unazuia mwanga usipenye, ili usiku taa ikiwaka watu wa nje wasione vivuli vya waliomo ndani. Kwa mama anayevaa na binti anayelala kambini, jambo hilo ni kubwa mno. Aina nyingi zina mikanda minene ya rangi nyeusi au kijivu inayokwenda sambamba na urefu wa turubai. Mikanda hiyo ndiyo mahali pa kupigia misumari na kufungia kamba. Msumari ukipigwa nje ya mkanda, upepo wa usiku mmoja unatosha kufanya tundu lile kuwa mpasuko wa mkono mzima.

Hapa ndipo mhudumu wa kujitolea anapohitajika, na ndivyo shirika lilivyokusudiwa tangu mwanzo. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na ya Austria huko Solferino, kaskazini mwa Italia. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva aliyekuwa akimtafuta mfalme Napoleon III kuhusu mashamba yake ya Algeria, alifika mji jirani wa Castiglione na kukuta maelfu ya majeruhi wamelazwa makanisani na barabarani. Wanawake wa mji walijitolea bila kuuliza nani ni wa jeshi gani. Nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni mikono ya kutosha iliyofundishwa, na vifaa vilivyowekwa tayari. Dunant aliandika kitabu kuhusu aliyoyaona, kikatoka 1862, akapendekeza kila nchi iwe na chama cha watu wa kujitolea, kiundwe wakati wa amani.

Februari 1863 watu watano wa Geneva walianza kulishughulikia wazo hilo: Dunant mwenyewe, mwanasheria Gustave Moynier, Jenerali Guillaume-Henri Dufour, na madaktari Louis Appia na Théodore Maunoir. Mkutano wa kimataifa wa Oktoba mwaka huo ulipitisha maazimio, na mojawapo lilizitaka kamati za kila nchi zifanye mambo mawili wakati wa amani: ziandae vifaa, na zifundishe watu wa kujitolea. Mambo hayo yaliwekwa pamoja kwa sababu nzuri. Dunant alifilisika 1867 akaishi miaka mingi katika umaskini, kisha mwaka 1901 akatunukiwa nusu ya tuzo ya kwanza ya Nobel ya amani. Vyama vyenyewe vilienea. Cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na cha Kenya mwaka 1965, vyote vikitokana na matawi ya Msalaba Mwekundu wa Uingereza ya enzi ya ukoloni.

Kwa hiyo ghala lililojaa maturubai wakati wanaojitolea wa kata husika hawajawahi kufunga hata paa moja ni nusu tu ya kazi waliyoikubali wazee wa 1863. Tathmini ya kifurushi hiki haiwezi kuachana na tathmini ya mafunzo yake.

Sasa hesabu. Kiwango cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada hukifuata, kinataka angalau mita za mraba 3.5 za kuishi kwa kila mtu. Familia ya watu watano inahitaji 17.5. Turubai moja likitandazwa juu ya paa la migongo miwili, mti wa juu ukienda na upande wa mita 6, kila mteremko unapata mita 2. Acha sentimita 20 zining'inie kila upande kama upenu, na paa literemke kwa nyuzi 30. Nyumba itakuwa na upana wa mita 3.1 na urefu wa mita 5.6. Zidisha: ni kama 17.4, yaani familia ya watano inaenea karibu kabisa. Ukuta ukiwa mita 1.7, mgongo wa paa unafika mita 2.6, kimo kile kile ambacho Sphere inakitaka kwenye nchi za joto.

Turubai la pili likatwe katikati kwa urefu, lipatikane vipande viwili vya mita 2 kwa 6. Likatwe katikati ya mikanda, kamwe si juu ya mkanda. Kila kipande kinafunika ukuta mmoja mrefu na kuzunguka kona kidogo. Juu, sentimita 10 hivi ziviringishwe mara mbili kwenye ufito kabla ya kupigiliwa, kwa sababu ukingo uliokatwa hauna pindo na huchanika upesi. Chini, sentimita 35 zizikwe kwenye mtaro ili maji na nyoka wasipite. Kati ya ukingo wa juu wa ukuta na paa ibaki nafasi ya sentimita 15 ya hewa kupita. Familia nyingi huiziba kwa kuogopa mbu. Joto la mchana chini ya plastiki likikosa pa kutokea, watoto hawalali. Chandarua ndiyo dawa ya mbu.

Kuta mbili fupi, zenye mita 3.1 kila moja, pamoja na pembetatu za juu yake, hazimo kwenye kifurushi. Zimaliziwe kwa kilichopo: makuti, fito na udongo, mabati yaliyookolewa, magunia. Mlango uwe upande ambao mvua haipigi.

Miti ndiyo kasoro kubwa. Nyumba ya vipimo hivyo inataka nguzo 3 za katikati zenye urefu wa mita 3.2, nguzo 8 za ukutani za mita 2.3, miti 3 ya kulala ya mita 5.6 na mapau 12 ya karibu mita 2. Jumla 26, na vipimo vya nguzo vinajumuisha sentimita 60 za kuzikwa ardhini. Garissa na Tana River watu hukata mathenge, mti ulioenea huko mpaka ukawa kero, na kwa kazi hii unafaa, ingawa umepinda na una miiba. Ambako msitu ni wa hifadhi au hakuna miti kabisa, familia inalazimika kununua, na aliyepoteza kila kitu hana cha kununulia. Hapo msaada wa fedha kwa simu uende pamoja na gunia, siku ile ile. Fedha zikichelewa wiki mbili, turubai hutandikwa chini au kuuzwa, na si haki kumlaumu aliyeuza.

Makosa yanayojirudia ni machache, na yote yanazuilika. La kwanza ni paa la bapa. Mtu hutandaza turubai juu ya nguzo nne zilizolingana kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Maji yenye kina cha sentimita 5 yakituama kwenye mita mbili za mraba yana uzito wa kilo 100, yakining'inia juu ya watoto waliolala. Kwa kila mita moja ya kwenda ndani, paa lipande sentimita 58. Kifurushi hakina futi ya kupimia, lakini upande wa turubai wa mita 6 ukikunjwa katikati mara tatu unatoa sentimita 75. Kona zinyooshwe kwa kamba yenye mafundo yanayoigawa vipande vya urefu wa 3, 4 na 5: vikiunda pembetatu, kona ya kati ya 3 na 4 ni ya nyuzi 90.

La pili ni msumari kupigwa moja kwa moja kwenye plastiki. Uwekewe kizibo cha soda au kipande cha ndala kuukuu, au turubai libanwe kati ya fito mbili. Mti wa juu uparwe na kufungwa kitambaa kabla ya kufunikwa, maana kila kifundo kilichobaki kitatoboa. Pa kufungia kamba pakikosekana, kokoto laini iwekwe chini ya turubai, plastiki ikusanywe kuizunguka, kamba ifungwe shingoni mwake. Kokoto yenye makali itakata.

La tatu, na ndilo linaloangusha nyumba nyingi zaidi, ni kusahau miti ya mshazari. Fremu iliyosimama wima bila mshazari kwenye kona husogea kila upepo unapovuma, na turubai lililolegea huvuta kama tanga. Kwenye tope la Budalangi vigingi vinang'oka vyenyewe. Gunia lililobeba vifaa lijazwe mchanga, lifungwe kamba, lizikwe nusu mita, nalo halitoki kirahisi. Magunia ya unga yanafaa vivyo hivyo. Baada ya kila mvua kubwa, kamba zote zikazwe upya.

Moto lazima uwe nje. Plastiki inayoyeyuka hudondoka ikiwaka, na nyumba hizi hupangwa karibu karibu.

Mafunzo yanayofaa hayataki ukumbi wala projekta. Wanaojitolea hujenga nyumba moja ya mfano hadharani, kwa vifaa vile vile vya gunia, wakieleza kila fundo. Kisha familia hujenga zenyewe kwa makundi ya jirani, na nguvu za wanaojitolea zinaelekezwa kwa wazee, wajane wenye watoto wadogo na watu wenye ulemavu. Fundi wa kijiji aitwe mapema, kwani anajua miti ya eneo lake kuliko mgeni yeyote.

Kwenye ugawaji, la kuangalia ni orodha. Gunia moja kwa kila kaya linaonekana haki mpaka ifike kaya ya watu kumi, ambapo kila mmoja anabakiwa na chini ya mita 1.8 za mraba. Kaya kama hiyo iandikwe mafungu mawili. Majina yasomwe mbele ya watu, pawe na meza ya malalamiko isiyosimamiwa na wale wale walioandikisha, na kila aliye kwenye foleni ajue kwamba msaada huu haulipiwi hata shilingi. Anayejitolea hupewa nauli na chakula. Akidai chochote kwa familia, aripotiwe.

Vitu vitatu vingepaswa kuongezwa. Tupa ya kunolea panga na jembe, kwani panga butu linachosha mtu kwenye mti wa kwanza. Kofia za plastiki za misumari, vikombe vidogo visivyogharimu kitu ukilinganisha na turubai linaloharibika. Na kamba nyingine ya mita 30, maana iliyopo inaishia kwenye fremu na hakuna inayobaki ya kufungia paa kwenye vigingi. Karatasi ya michoro nayo iwe ya Kiswahili, yenye vipimo vya nguzo na idadi yake, ili familia ijue cha kutafuta kabla haijaanza kuchimba.

Turubai lililokazwa vizuri lihesabiwe mwaka mmoja hivi chini ya jua letu, lililolegea halifiki. Bati likishanunuliwa, turubai la paa lishushwe taratibu, misumari ing'olewe kwa ukucha wa nyundo badala ya kulivuta, na sehemu zilizo nzima zitumike chini ya sakafu ya udongo kuzuia unyevu au juu ya choo. Lisichomwe.