Mwaka wa Honda CG125 kuukuu: uamini kadi au fremu?

Ukikuta pikipiki ya CG125 iliyochakaa Kondoa au Kibaigwa, muuzaji atakimbilia kukuonyesha kadi ya usajili. Kwa umiliki, sawa. Kwa mwaka, itilie shaka kidogo: chombo kinaweza kulala stoo miaka kadhaa kabla ya kusajiliwa, na karani naye hukosea.

Fremu ni ngumu kudanganya. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, futa vumbi shingoni, pale usukani unapopita, usome namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha uilinganishe na orodha ya vipuri ya Honda. CG125 zilianza kutoka 1976, hivyo kadi inayosema 1972 ina walakini. Msasa weka mbali. Namba ikifutika, utajieleza polisi.

Namba ya injini ni dalili tu. Bodaboda nyingi za Kichina zimeiga injini hiyo, yenye fito za kusukuma valvu, kwa hiyo iliyomo yaweza kuwa changa kuliko fremu. Fundi hatalalamika, maana vipuri viko madukani, ila apime kabla hujalipa.

Mimi ningeanza na fremu. Kadi ningeikagua wakati wa kubadilisha jina.