Nilibandika keisi ili kompyuta inyamaze: raba imeniheshimu, sponji imeniangusha

Haya, kabla sijasema lolote, tegeni sikio. Nagonga ubavu mmoja wa keisi yangu, yaani kasha la kompyuta, kwa kifundo cha kidole: teeeng! Unalia kama sufuria tupu. Sasa nageuza, nagonga ubavu wa pili, huu niliobandika raba: du. Basi. Bati ni la aina moja, kidole ni kilekile.

Karibuni wadau. Leo nina vitu viwili mkononi, na kwa wiki tatu vimekuwa ndani ya kompyuta yangu ya mezani. Hiki cha kwanza ni raba nzito ya butili, unene milimita 2, upande mmoja gundi, upande mwingine karatasi ya aluminiamu. Ni ileile ambayo mafundi wa redio za magari hubandika ndani ya milango. Cha pili ni sponji nyeusi ya sentimita moja, nayo ina gundi. Zote zinauzwa kwa jina moja, "kizuia sauti", na hapo ndipo watu wanapopigwa, maana kazi zake hazifanani hata kidogo. Raba inaliongezea bati uzito na kulizuia lisitetemeke. Sponji inameza sauti ambayo tayari iko hewani. Ukinunua moja ukitegemea kazi ya nyingine, umeliwa.

Adui yangu mimi alikuwa diski, zile za zamani za kuzunguka. Inakwenda mizunguko 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata mitetemo 120 kwa sekunde, na huo ndio ule mvumo wa "mmmmm" unaokukera usiku wenzako wakiwa wamelala. Diski yenyewe ni ndogo, haina kifua cha kuvuma hivyo. Inalitikisa bati, na bati ndilo linaloimba. Utajuaje kama nawe una shida hii? Angalieni mkono wangu: kiganja bapa, katikati ya ubavu, nabonyeza. Mmesikia ulivyokata? Nikiachia, unarudi. Kwako ukikata hivyo, raba itakufaa. Usipokata, baki na pesa yako.

Kubandika si kazi ngumu, ila msiwe na haraka. Futa bati kwa spiriti, liache likauke. Si lazima ulifunike lote. Katikati ndiko linakotetemeka zaidi, kwa hiyo kipande cha kama nusu ya eneo kinatosha. Kisha kandamiza. Mimi nilitumia chupa, nikaisukuma kama anayesukuma chapati, mpaka mapovu ya hewa yakaisha, kwa sababu palipobaki hewa raba haijashika bati na haifanyi kazi. Halafu iogopeni hiyo aluminiamu, inapitisha umeme. Kipande kikidondokea mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, mtakuja kunilaumu bure. Ndiyo maana ubavu wa nyuma ya mazabodi nimeuacha bila raba, ndio ule uliolia teeeng.

Sasa sponji. Jamani.

Niliibandika kila mahali: dari, sakafu, mbavu zote mbili. Siku ya kwanza mfuniko ukagoma kufunga, sponji inasukumana na nyaya. Nikalazimisha. Siku ya pili kona moja ikabanduka, ikadondokea kwenye feni: trrrrrr! Kelele nilizofukuza zikarudi na riba. Hilo ni kosa langu, silisukumii bidhaa.

La bidhaa ni hili. Ule mvumo wa mitetemo 120, wimbi lake hewani lina urefu wa karibu mita 3. Ili sponji ilimeze vizuri wimbi la namna hiyo, inahitaji unene wa kama robo yake, yaani karibu sentimita 70. Keisi nzima haina nafasi hiyo! Mimi nina sentimita moja. Sponji nyembamba inaweza sauti kali, zile za juu, kama mluzi mwembamba wa koili za kadi ya michoro unapocheza gemu. Na hapo nitaitendea haki, mluzi ulipungua makali kabisa. Lakini nyingi ya sauti hizo hata haisumbuki kupenya ukuta, inatoka pamoja na upepo kwenye matundu ya feni. Nikajifanya mjanja, nikafunika matundu ya juu. Joto la prosesa likapanda nyuzi 4, feni zikaongeza mbio zenyewe, na makelele yakawa mengi kuliko mwanzo. Sponji ya darini ikang'oka siku hiyohiyo.

Kilichonisaidia kuliko vyote hakikuwa na gundi. Niliingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, nikashusha feni kutoka mizunguko 1,500 hadi 1,200 kwa dakika. Badiliko dogo kama hilo hupunguza karibu desibeli 5, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kumbukeni, ili sikio lione kelele imepungua nusu, zinatakiwa kama desibeli 10. Kwa hiyo nusu ya safari nimeimaliza nikiwa nimekaa. Kisha nikaipachika diski kwenye viraba laini ili isigusane na chuma moja kwa moja. Kwa kweli ningeanza na haya mawili, ndipo nigonge bati nione kama bado kuna haja.

Wenye keisi za kioo, kile kioo ni kizito tayari, msihangaike.

Uamuzi wangu: raba, kama umepima kwa kiganja, chukua. Sponji, kipande kimoja tu ubavuni, mkabala na kadi ya michoro, na kabla ya kununua iweke mdomoni upulize. Pumzi isipopita, hiyo ni ya kufungia vyombo, haimezi sauti. Hakikisha pia ni ile isiyoshika moto kirahisi.

Imebaki gundi. Hii hapa darini, mnaiona? Nimesugua kwa spiriti mara mbili, bado inanata na imeanza kukamata vumbi. Anayejua dawa yake aniandikie hapo chini.