Gambuti za 850, koti la 1,200 na asubuhi za mvua Utawala: uzoefu wangu

Gambuti nazipa nyota tano. Koti nalipa mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya kofia yake tu.

Naishi Utawala, ndani kabisa, kule ambako lami iliishia kwenye ahadi za kampeni. Kukiwa kukavu, kutoka mlangoni hadi steji ni dakika kumi na mbili. Mvua ikinyesha usiku kucha inakuwa nusu saa, kwa sababu ya udongo. Huku mashariki mwa Nairobi tuna ule mweusi wa mfinyanzi. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza simu. Ukilowa unavimba na kunata, na kila hatua unabeba bonge jingine chini ya kiatu. Wenzetu wa upande wa Karen na Kikuyu wana mwekundu. Nao unachafua, sikatai, lakini unakurudishia mguu wako.

Zamani nilikuwa navaa raba kuukuu na viatu vya ofisi vinakaa begani kwenye mfuko. Halafu ikaja Aprili 2024, mafuriko yale yaliyofanya hata shule zichelewe kufunguliwa muhula wa pili. Asubuhi moja mguu ulitoka, raba ikabaki. Niliinama nikaivuta kwa mikono miwili, ikaja bila soli. Jioni hiyo hiyo nilipitia duka la hadwea.

Muuzaji alitaka nichukue zile fupi za maua, shilingi 600. "Anti, hizi ndizo za mabinti." Ni nzuri kweli, lakini mdomo wake unaishia katikati ya muundi, na huku kwetu tope linaingilia juu. Nikachukua nyeusi za kawaida, zile za watu wa mjengo, zinazofika karibu na goti. Mimi huvaa namba 5. Nilichukua 6 ili soksi nzito iingie. Kitu kingine nilichoangalia ni meno ya soli. Meno madogo yaliyobanana yanajaa udongo kwa hatua tatu, kisha unateleza kama umevaa sahani. Yanayotakiwa ni marefu, yenye nafasi katikati, tope lidondoke lenyewe.

Huu ni msimu wa nne wa mvua nazivaa, masika na vuli, na hazijapasuka popote. Kasoro zipo. Mdomo unasugua nyuma ya mguu, na soksi nyembamba za ofisi usithubutu, zitachanika kabla hujafika kwenye kona. Mpira haupumui, kwa hiyo jasho linabaki ndani na harufu yake utaijua mwenyewe. Mimi nazijaza magazeti usiku, asubuhi yamefyonza unyevu wote. Usizianike karibu na jiko. Jirani yangu alifanya hivyo, moja ikajikunja kifundoni na mpaka leo anatembea nayo kama amekanyaga mwiba.

Sasa koti. Lilikuwa na kibandiko cha kusema halipitishi maji, na kitambaa chenyewe kweli hakipitishi. Maji yanapita kwenye mishono. Kila sindano ilipopita iliacha tundu, na koti zuri huwa na utepe uliobandikwa kwa moto juu ya mshono kwa ndani. Langu halikuwa nao. Siku ya kwanza nilishuka mjini mabega yameloa kama nimebebeshwa ndoo inayovuja. Nilipaka nta ya mshumaa kwenye mishono. Ilisaidia siku mbili, ikabanduka. Ukienda kununua, geuza koti ndani nje kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikasirika, hiyo nayo ni habari.

Binamu yangu yuko Minnesota. Januari alinitumia video akichimbua gari lake kutoka kwenye theluji kwa sepetu, pumzi inatoka kama moshi wa kuni. Nikamwonea huruma, mpaka akaniambia kwamba gari la kusukuma theluji lilishapita mtaani kwao alfajiri, likamwaga na chumvi ili barafu isishike. Nilicheka peke yangu. Sisi theluji yetu tumeiacha juu ya Mlima Kenya, na tope la Utawala halina gari la kulisukuma wala kitu cha kumwagiwa.

Kilichonifundisha thamani ya gambuti hasa ni ule mfereji wa karibu na steji. Ukifurika, vijana wa mkokoteni wanageuka kivuko: shilingi 50, watu sita wamesimama wameshikana mabega. Nilimwona baba mmoja mwenye suti amekumbatia kipakatalishi, gurudumu likaingia shimoni, akajikuta amemkumbatia mama asiyemjua. Mimi nilipita pembeni kwa miguu yangu, maji yakibakiza vidole vinne yafike mdomo wa gambuti. Lakini hapo maji yalikuwa yametulia, na ninaijua ile njia. Maji yakiwa yanakimbia, silipi nyota yoyote wazo la kuvuka. Gambuti ikijaa maji inakuwa jiwe la kufunga mguuni.

Kwenye steji ndipo penye huduma ninayotaka watu waijue. Kuna mama anauza chai na mandazi. Kwa shilingi 20 anakupa kigoda, karai la maji na brashi, unavaa viatu vya ofisi, gambuti zinabaki kwake mpaka jioni. Kila jozi ana namba aliyoiandika kwa rangi ya kucha. Yangu ni 14. Asubuhi ya mvua utakuta jozi thelathini zimepangwa chini ya benchi, utadhani kuna kikosi kimelala humo.

Kupanda matatu ni hadithi nyingine, na kila mtu anaijua. Nauli ya 80 inasomeka 150, na makanga anakutazama kama wewe ndiye uliyeita mvua. Kwenye Barabara ya Mombasa tunasimama chini ya ile barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, tukisikiliza wenye pesa wakipita. Ninafika Upper Hill saa tatu na kitu. Lakini ninafika na viatu safi, na bosi huangalia viatu kabla ya saa.

Huduma ya mama imenikosea mara moja. Mwezi wa kumi na moja nilirudi usiku, stima zimepotea, nikachukua jozi gizani. Kuweka mguu, kushoto. Kuweka wa pili, kushoto pia. Nilitembea mpaka nyumbani vidole vya mguu wa kulia vikitazama Ruai. Asubuhi, saa kumi na mbili na dakika kumi, nikamkuta askari mmoja wa lango, mwanaume mzima, naye ni namba 6, amevaa za kulia mbili na uso umekunjamana.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Nilijua tu ni wewe, unavyotembea."

Tukabadilishana pale pale, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja ameshika nguzo ya kibanda. Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. Siku hizi anafunga kila jozi kwa kamba ya manila, na bei imekuwa shilingi 30.