Walimu nyota tano, jengo nyota mbili: shule ya mkataba, Minnesota

Binti yangu amemaliza mwaka wa pili katika shule ya mkataba hapa Minnesota (wenyewe huziita chata: ni shule ya umma inayojiendesha kwa mkataba na bodi yake, si chini ya wilaya ya shule). Kila Jumapili wazazi wenzangu wananiuliza kama nao wawapeleke watoto wao. Jina la shule nitalihifadhi.

Walimu sina neno nao. Mwalimu wa hesabu alipoona mtoto anakwama kwenye hesabu za sehemu (nusu, robo), alinipigia simu mwenyewe, na kwa wiki sita akawa anamfundisha nusu saa kabla ya kengele. Ada hakuna hata senti, kwani ni shule ya umma. Waombaji wakizidi nafasi inachezwa bahati nasibu, sisi ilituangukia.

Sasa jengo. Zamani lilikuwa duka la fanicha. Ukumbi uleule ndio wa kulia, ndio wa michezo, ndio wa mikutano ya wazazi, na jioni unakaribishwa na harufu ya maziwa yaliyomwagika mchana. Nililalamika sana, mpaka mjumbe wa bodi, mzazi kama mimi, aliponieleza hesabu yenyewe. Sheria inakataza shule ya mkataba kutumia pesa za jimbo kununua jengo au kiwanja, kwa hiyo inapanga. Jimbo linasaidia pango: asilimia 90 ya gharama, au dola 1,314 kwa kila mwanafunzi kwa jinsi jimbo linavyowahesabu, kinachotolewa ni kile kilicho kidogo. Tena shule haina mamlaka ya kutoza kodi ya majengo kama wilaya ya shule. Wanafunzi wakihama, pesa inaondoka nao. Mwenye nyumba anataka chake kilekile.

Uhaba huo wa pesa ulitukuta Januari. Basi letu liliondolewa, taarifa tukaipata siku tatu kabla. Natoka zamu ya usiku, nageuza gari kumpeleka mtoto huku macho yanafumba. Kukosa pesa naelewa. Kukaa kimya sielewi, na hapo nimekata nyota nzima.

Na hili ni jimbo lililotunga sheria ya kwanza ya shule hizi Marekani nzima, mwaka 1991! Mwanzoni ziliruhusiwa 8 tu, na ya kwanza ilifunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Muda wa kulifikiria suala la majengo ulikuwepo.

Ukienda kuandikisha, usiishie kukagua madarasa. Uliza mdhamini ni nani. Kila shule lazima iwe na mdhamini aliyeidhinishwa na kamishna wa elimu wa jimbo: wilaya ya shule, chuo, au shirika lisilo la faida. Yeye ndiye anayeikagua na kuamua kama mkataba utaendelea. Uliza pia mkataba unaisha lini. Mimi niliuliza baada ya mwaka mzima, na karani wa mapokezi akanitazama kama nimeulizia mshahara wake.

Kwa jumla nyota tatu. Mdogo wake nimeshamwombea nafasi. Sheria inawatanguliza ndugu wa walio ndani.