Pampu ya Facet: Ifunge Chini, Mvuke Usikukatie Mafuta Angani

Karibuni tena wadau! Leo iko mezani pampu ya umeme ya Facet, ile ya kiboksi, ya kupeleka petroli kwenye injini za ndege ndogo tunazojijengea. Ni ya volti 12, mnaijua, sitawachosha. Mimi nimeipendea sauti.

Sikilizeni. Ikiwa tupu: tikitikitiki, mbio mbio! Sasa mafuta yanaingia... tik... tik... Imetulia, presha imepanda. Sikio lako tu linakuambia inavuta mafuta au hewa.

Tazameni na huu mpira unaoonyesha ndani. Tuko nje, mtungi wa kuzima moto uko hapa, na petroli imeshapata jua. Pampu nimeiweka juu ya tangi, kwa hiyo inavuta kwa nguvu. Sogea na kamera... mnaviona viputo? Pampu ikivuta, presha ndani ya mpira inashuka, petroli yenye joto inachemka humo humo. Na sisi Nairobi tuko juu tayari: uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, petroli inageuka mvuke upesi. Mvuke ukijaa, kabureta inakosa mafuta na injini inakohoa ndio kwanza unapaa.

Naishusha chini ya tangi... Viputo vimekwisha! Pampu ni ile ile, petroli ni ile ile. Jamani mnaojijengea ndege, pampu ikae chini, karibu na tangi, isukume. Msiifunge kwenye joto la injini eti ndipo mkono unapofika.

Kinachoniudhi ni hivi viungo vya kona kali wanavyotuuzia pamoja nayo. Upande wa kuvuta, kila kona inabana mafuta na kuzaa mvuke. Vitupeni, pindeni mpira taratibu.

Wengi mmeniuliza kama pampu za magari za Kirinyaga Road, hapa Nairobi, zinafaa badala yake. Bei ni nzuri, nakubali, lakini nyingi ni za injekisheni, yaani injini zinazopuliziwa mafuta bila kabureta, presha baa 3 hivi. Injini ya ndege ndogo ya Rotax 912 yenye kabureta haitaki hata baa 1; kabureta itafurika. Facet ni ghali, na bei inazidi kupanda, ila ningeinunua tena.

Video ijayo ni njia ya kurudisha mafuta na mvuke kwenye tangi, hasa ukiwasha injini iliyozimwa ikiwa moto. Gonga kengele. Kama umeshaifunga njia hiyo kwenye ndege yako, niandikie hapo chini umetumia tundu la ukubwa gani kubana mafuta yanayorudi.