Stika za taa za mbele: nani anunue, nani asinunue

Ukitoka Mbeya ukavuka Tunduma kwenda Zambia, au Kasumulu kwenda Malawi, hela yako ibaki mfukoni: stika za kurekebisha mwanga wa taa huzihitaji. Kule wanapita kushoto kama sisi. Shughuli inaanzia Kasumbalesa, unapoingia Kongo kuelekea Lubumbashi: magari yanapita kulia. Rwanda na Burundi ni vivyo hivyo.

Taa zetu zikiwa kwenye dimu, mwanga hupanda kidogo upande wa kushoto ili umulike waenda kwa miguu na vibao. Ukihamia kulia, mwanga huohuo unamchoma macho anayekuja mbele yako.

Njia za kurekebisha mwanga huo nimezipanga kwa ubora. Namba moja kwangu ni swichi ya gari lenyewe. Baadhi ya magari ya Ulaya yana kishikio kidogo nyuma ya taa, mengine unabadilisha kwenye skrini. Soma kitabu cha gari kwanza, maana ni bure. Ila kile kigurudumu cha 0 hadi 3 karibu na usukani si chenyewe. Kinashusha mwanga tu, hakiuhamishi.

Namba mbili, stika: vipande vya kubandika kwenye kioo cha taa ili mwanga ule unaopanda kushoto usimfikie anayekuja. Nunua zenye mchoro wa taa ya gari lako, kwa kuwa pa kubandika panatofautiana kati ya taa yenye lenzi ya duara na ya kawaida. Bandika kioo kikiwa safi na baridi. Ukirudi, zibandue mpakani palepale unaporudi kupita kushoto, mfano Kasumbalesa.

Tepu nyeusi ya fundi umeme ni ya dharura: inaziba mwanga, haiuelekezi, na usiku wa ukungu utaujutia upungufu huo.

Kubadilisha taa nzima ni ghali, na kunamfaa mtu mmoja tu: aliyeleta gari la usukani wa kushoto na kulitumia hapa, yule anayetupofusha kwenye mlima Kitonga kila usiku. Taa za viwango vya Ulaya zina alama kwenye kioo. Ukisimama mbele ya gari, mshale unaoelekea kulia kwako ni wa nchi za kushoto kama yetu. Wenye ncha mbili ni wa kote. Pasipo mshale ni za kupita kulia.

Balbu za LED za kupachika kwenye taa ya halojeni nimeziweka mkiani. Hazihamishi chochote, na nyingi hutawanya mwanga hovyo.

Chochote utakachonunua, kijaribu jioni: simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, washa dimu, bandika. Ule mpando wa kushoto usipotoweka, stika imekaa vibaya.